Hiarini, Mji wa Waliokatwa Kamba

Nipeni masikio, nami nitawapa nchi. Mkiona naenda kombo niacheni tu, nitarudi njiani mwenyewe. Ndivyo ulivyo mguu wangu, na ulimi nao umeufuata.

Binti yangu Nyemo, shangazi yenu huyo, aliolewa mbali, nchi moja inaitwa Vutani. Njia ya kufika huko siwaelezi. Njia ni njia, vumbi na kiu, hakuna jipya. Mumewe alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja, Mlekwa. Basi siku moja nikaletewa salamu: "Baba, njoo, mjukuu wako anakatwa kamba." Mimi nikadhani mtoto kafungwa jela. Nikafunga safari nikiwa na kofia kichwani na kibuyu cha maji, hata kuaga sikuaga vizuri.

Nilipofika nikakuta furaha. Nyemo kavaa kanga mpya, anacheka, ananipokea mzigo. "Baba, umewahi! Ingia ule."

Nikaingia. Ukumbini wamekaa vijana safu kwa safu, hao ndio wa rika la Mlekwa, mbele ya kila mmoja kuna ugali wa uwele na mlenda. Ugali umeanza kufanya ngozi kwa kupoa. Hakuna anayenyoosha mkono. Nikamwona Mlekwa, kijana mrefu, ndevu zinaanza, kafanana na marehemu bibi yenu hapa kwenye paji la uso. Kiunoni upande wa kushoto ana kamba. Wote wana kamba. Na kamba zote zimekwenda nyuma, mikononi mwa mtu mmoja aliyesimama juu ya kigoda. Huyo wanamwita mvutaji.

Nikamwambia mjukuu wangu, "We mume mwenzangu, mbona huli? Au unanisubiri mimi nianze, unione kama nina meno?"

Akacheka. "Bado, Babu."

"Bado nini? Huna njaa?"

Akafikiri kidogo, kwa heshima kabisa, akanijibu: "Sijui, Babu. Haijavutwa."

Nikadhani utani. Mara mvutaji akavuta kamba mara mbili, kwi kwi, na vijana wote wakainama kwa pamoja kama mbuzi kwenye birika la kunyweshea. Wakala. Akavuta tena, mikono ikasimama. Kijana mmoja alikuwa na tonge liko nusu mdomoni. Akalitoa, akalirudisha sahanini.

Ndivyo wanavyoishi Vutani. Mtoto akiota meno hufungwa kamba kiunoni, na haifunguliwi mpaka ndevu, au kwa msichana mpaka avunje ungo na miaka kadhaa juu yake. Kuna mvuto wa kuamka, kuna wa kuoga, kuna wa kusoma, kuna wa kulala. Kuna hata wa kuuliza swali. Kamba isipovutwa hivyo, hakuna swali. Nilikaa darasani kwao asubuhi moja, mwalimu kasema jambo halina kichwa wala miguu, watoto wote kimya. Nikamuuliza aliye karibu yangu kama ameelewa. Akaniambia kuelewa kuna mvuto wake, ni Alhamisi.

Mkuu wa wavutaji aliitwa Mzee Kigingi. Mtu mpole, msinidhanie namsema vibaya. Mikono yake ina sugu kama kwato, maana alivuta tangu ujana. Alinitembeza, akanionyesha kila kitu, na ukutani akanionyesha kamba moja nzuri, nyeupe, imetundikwa peke yake.

"Hii ni ya mjukuu wako," akasema. "Kamba laini. Kila mwaka tunamtafuta mtoto ambaye kamba yake haikukaza hata mara moja. Ukigusa tu, ameshakwenda. Mlekwa amechukua tuzo hii miaka yote. Hatujapata kuona mtoto kama yeye."

Nyemo alikuwa nyuma yangu. Nikasikia anavuta kamasi za furaha.

"Na wale wanaokaza?" nikauliza.

Mzee Kigingi akaonyesha kwa kidevu. Kulikuwa na msichana uani anafagia peke yake, adhabu. Anaitwa Sikudhani. Kamba yake ilikuwa imekatika na kuungwa, kukatika na kuungwa, mafundo matupu. "Yule anavuta upande wake," akasema. "Akiambiwa lala, anasogea. Akiambiwa kaa, anainuka kidogo. Kiuno kimechubuka mpaka nyama. Yule, Mzee wangu, maisha yake yameshaharibika."

Sasa mimi ni mtu wa kuuliza, mnanijua. Nikamwambia, "Mzee Kigingi, nimeona mnafundisha kuvutwa, na mnafundisha vizuri. Kuishi bila kamba mnafundisha lini?"

"Siku ya kukatwa."

"Siku nzima?"

"Hapana. Baada ya hotuba."

Nikaiona hiyo siku kwa macho yangu. Vijana wamepangwa, wazazi wamekaa, hotuba imesomwa ndefu mpaka mama mmoja akasinzia akaanguka na stuli. Kisha Mzee Kigingi akapita na kisu, kata, kata, kata, na kila akikata anasema, "Sasa wewe ni mtu mzima." Basi. Somo ndilo hilo. Vijana wengine walipokatwa walianguka kama magunia. Mlekwa hakuanguka. Alisimama pale pale alipokatiwa, anatabasamu, anangoja, mpaka mama yake akaona aibu akamsukuma kidogo begani.

Kutoka hapo wanavuka bonde kwenda mlimani, mji wa Hiarini. Wazazi hawaruhusiwi kuvuka. Mgeni anaruhusiwa, maana mgeni hahesabiwi. Nyemo akanishika mkono: "Baba, nenda naye. Mimi siwezi. Uniangalizie tu kama anakula."

"Nitamwangalia," nikasema. Neno dogo hilo. Lilikuja kunikaa shingoni kama nira.

Langoni mwa Hiarini kuna karani mkuu, Bwana Radhi, mtu nadhifu, kila akisema anaweka mkono kifuani. Alitusimamisha akatusomea sheria, nami nawaambia kama nilivyoisikia. Katika mji huu hakuna mtu kumwamsha mtu. Hakuna kumgongea mtu mlango. Hakuna kumuuliza mtu kama amekula, amelala, au anaumwa. Hakuna kumwambia mtu fanya hivi au acha vile. Kila mtu yuko huru, na uhuru wa mtu ni kama jicho lake, haliguswi.

"Ila wafanyabiashara," akamalizia.

"Ila wafanyabiashara nini?"

"Wao wanaruhusiwa kumwita mtu. Kazi yao ndiyo hiyo."

Na kweli, hatujavuka kizingiti vizuri, wametuvamia. Njoo kijana, chukua pombe! Njoo, kuna zumari! Njoo, kitanda laini hiki, ukilala hutaki kuamka! Mtu yeyote anaweza kukufokea sikioni ilimradi anauza kitu. Mama yako akinong'ona "kula mwanangu" anashikwa. Nilimuuliza Bwana Radhi kama hilo haoni limepinda. Akaweka mkono kifuani akasema biashara haina nia na mtu, lakini mama ana nia, na nia ndiyo hatari.

Watu wa mji ule wanatembea upande. Nilidhani ugonjwa. Kumbe ni viuno, vilizoea kuvutwa kushoto miaka yote, basi hata kamba ikiondoka mtu bado anaegemea kule kule. Barabarani wanagongana hao, wanaombana radhi, wanagongana tena. Wa zamani kidogo wamenyooka. Wapya unawajua kwa mbali.

Mlekwa alipewa chumba. Kuna jiko, sufuria, mtungi wa unga, mtungi wa maji, kuni. Kila kitu kipo. Mji ule hauna unyimi, lazima niseme haki yao.

Siku za mwanzo alikuwa na raha. Alilala mpaka jua likachoka. Akachukua zumari kwa wauzaji, akalipiga vibaya mpaka nikaziba masikio, nikacheka. Akaniambia, "Babu, leo nimekaa kushoto kwa dirisha, kisha nikahamia kulia. Hakuna aliyenivuta!" Nikampongeza. Nikasema moyoni, Nyemo anahangaika bure, mtoto huyu atakuwa mtu.

Kisha zumari likawekwa chini. Halikuokotwa tena.

Nikaanza kumkuta amekaa mbele ya sufuria tupu, kiuno cha kushoto kakisogeza mbele kidogo, shingo kaitega. Hivi. Kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Mlekwa, unafanya nini?"

"Nasikiliza, Babu."

"Unasikiliza nini?"

"Kama itavutwa."

Nikasahau sheria, nikasema kwa sauti, "Kijana, washa moto, songa ugali, ule!" Hajafumbua mdomo, mlangoni kasimama askari. Hata sijui walijificha wapi. Akaniandika. Na neno langu halikumsaidia kitu mjukuu wangu. Alinitazama kwa mapenzi tu, kama mtu unayemsemesha kwa lugha ya kabila jingine. Kwao neno si kitu. Hakulelewa kwa maneno, alilelewa kwa kiuno.

Chumba cha pili, ukuta mmoja na chetu, kulikuwa na kijana aliyevuka nasi siku ile ile. Jina lake sikulipata, na mpaka leo linaniuma. Siku kadhaa sikumsikia akikohoa. Asubuhi moja nikaona watu wamekusanyika, Bwana Radhi yupo, kavua kofia. Wamemtoa yule kijana, mwepesi kama mtego wa ndege, na ndani nyuma yake unga umejaa mtungi, haujaguswa. Bwana Radhi akachukua chokaa akaandika mlangoni neno moja. Nilimwomba anisomee.

"Amechagua," akasoma.

"Amechagua nini?"

"Sheria haiulizi nini."

Watu wakainamisha vichwa kwa heshima, kisha wakatawanyika, wakigongana mabega. Nikatazama barabara ile, milango yote. Ndipo nikaona chokaa. Mlango huu, na ule, na ule kule mwisho. Mimi nilidhani ni majina ya wenye nyumba.

Nikarudi ndani mbio. Mlekwa kakaa vile vile. Mbavu zimeanza kuonekana.

Kwa kosa langu la kusema "ule" nikaitwa barazani. Nikashukuru, nikasema hapo hapo ndipo pa kulimaliza. Baraza lenyewe ni wazee wa Hiarini, wamenyooka viuno, wanaongea kwa adabu. Siku hiyo walikuwa na shauri lililoanza tangu zamani na halijakwisha: kama kilio ni ombi.

Mmoja akasema, "Mtu akilia chumbani, ameomba."

Mwingine akasema, "Amemwomba nani? Kilio hakitaji jina. Ombi lisilo na jina la aombwaye si ombi, ni sauti."

"Na akilia akisema 'mama'?"

"Hapo ametaja mama. Lakini mama yuko ng'ambo ya bonde na haruhusiwi kuvuka. Kwa hiyo ombi lipo, ila halina pa kwenda."

Wakaandika hivyo. Wakasifiana.

Nikainuka. Nikawaambia, "Wazee wenzangu, mimi sijui sheria. Nijuacho ni hiki. Kwetu jua likipanda na mlango wa jirani haujafunguliwa, mtu anagonga. Anasema, hodi, mmeamkaje humu? Akikuta mtu hana neno, anatukanwa, anakwenda zake. Akikuta mgonjwa, amewahi. Tunatukanwa mara nyingi. Lakini hatuna chokaa milangoni."

Bwana Radhi akaniuliza kwa upole wa kweli, si kwa kejeli, "Mzee, na huyo aliyegongewa, uhuru wake mliuweka wapi wakati mnagonga?"

"Tuliuweka pembeni, tukamrudishia alipoamka."

Mzee mmoja akacheka kidogo, akajizuia. Kisha hukumu ikatoka. Wakaniambia, mgeni, tunakupa njia mbili. Ukitaka, mshike kamba mjukuu wako, lakini ukishika umeshika. Hutaruhusiwa kuiachia mpaka mmoja wenu afe. Ama uache. Katikati hakuna.

Nikauliza katikati iko wapi, niende nikaitafute. Wakasema wao hawajapata kuiona.

Nikarudi chumbani. Mjukuu wangu kalala ubavu, macho yapo wazi, midomo imepasuka. Wajukuu, nyinyi mngefanyaje? Mimi nilisonga ugali, nikaweka mbele yake, nikafungua mkanda wangu wa ngozi nikamzungushia kiunoni kushoto. Nikafunga mlango, askari asinione. Nikavuta mara mbili, kwi kwi.

Aliruka! Mtu aliyekuwa maiti! Macho yakawaka, akauvaa ugali kwa mikono miwili, akala, nami nikalia machozi nikamwita Mungu. Akamaliza sahani. Akaendelea kula. Akala sahani tupu. Vidole vinakwangua udongo wa sahani, vinapeleka mdomoni, vinarudi, na ananitazama usoni, ananingoja, na kucha zinaanza kutoa damu. Ndipo nikakumbuka kuna mvuto wa kuacha. Nikavuta. Akaacha. Akakaa, mikono magotini, uso umetulia kama mtoto aliyenyonya.

"Ahsante, Babu," akasema. "Sasa nini?"

Nilikuwa sijui.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa yule msichana Sikudhani, naye amevuka, anakaa mtaa wa nyuma. Amenyooka wima kama mchi, mkononi ana kikapu cha mboga. Akaona mkanda. Akaona vidole.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Ungenikuta na habari njema ningekuposa."

"Mahari huna, Babu, na meno yenyewe ya kuazima." Lakini hakucheka. Akachuchumaa. "Umevuta?"

"Nimevuta."

"Na kesho?"

Nikamfuta damu vidoleni.

"Babu, una umri gani wewe? Utamvuta mpaka lini? Ukifa wewe yeye atakaa hapo hapo, kiuno kakielekeza kwenye kaburi lako."

"Basi niambie wewe umewezaje. Mbona umenona?"

Akainua pindo la blauzi kidogo, akanionyesha kovu ubavuni, nene kama kamba yenyewe. "Mimi niliiba. Kule ng'ambo walipovuta kulala, nilibaki macho kidogo, kidogo tu, nikaangalia usingizi unatokea wapi. Walipovuta kula, nilingoja kwanza nijue tumbo linasemaje. Nilipigwa, unajua. Nilifagia ule uwanja mpaka fagio zikanijua jina. Lakini nilipokatwa nilikuwa nimeshaanza." Akamtazama Mlekwa. "Huyu hakuiba hata siku moja. Huyu alikuwa mzuri."

"Niache basi?"

"Sijui, Babu. Wengine wakiachwa wanaamka. Wachache. Wanafika chini kabisa, ndipo wanasikia njaa kwa mara ya kwanza, wanadhani ni ugonjwa. Wanaamka." Akachukua kikapu chake. "Wengine unawaona milangoni."

Nilikaa na mkanda ule mkononi, nikaupima. Nikaona mjukuu wangu ana miaka mingi mbele na mimi sina. Nikafungua mkanda kiunoni mwake, nikauvaa mwenyewe. Nawaambia, nimezika wazazi, nimemzika bibi yenu. Hakuna kazi nzito niliyoifanya kuliko kuufungua ule mkanda.

Kisha nikawa nafanya jambo moja tu ambalo sheria haikulikataza. Nikapika chakula changu, nikala mbele yake. Sikumwambia kitu. Nikala polepole, nikapiga midomo, nikaacha harufu ikae. Nikaweka tonge kwenye sahani karibu na mkono wake kama mtu aliyesahau. Sasa fikirini, kula mbele ya mtoto wako anayekufa kwa njaa. Ugali unashuka kama mawe. Ng'ambo ya bonde nilimwona Nyemo kasimama kila siku, kanga yake naijua, hafanyi ishara, maana ishara nayo imekatazwa.

Mlekwa akakauka. Akafika mahali akawa haniangalii tena. Nikawa naweka kiganja karibu na pua yake kuona kama kuna joto. Mchana mmoja nikamwona Bwana Radhi amesimama nje kwa mbali, mkono kifuani, na kipande cha chokaa katikati ya vidole. Anangoja kwa heshima.

Nikamwambia Mungu, mimi nimeshindwa, nitauvua mkanda nimfunge tena. Nikawa nashika kishikizo.

"Babu."

Sauti kama karatasi. Nikageuka. Mlekwa kakaa. Kakaa mwenyewe! Hakuna aliyegusa. Mkono umekwenda, umechota unga mkavu mtungini, umetia mdomoni. Akakohoa vumbi jeupe. Akachota tena.

"Tumbo linauma, Babu."

"Ndiyo njaa hiyo!" Nilipiga kelele, wanishike wakitaka. "Ndiyo yenyewe, mume mwenzangu! Hiyo unayoisikia ndiyo njaa!"

"Ni mbaya," akasema. Akanywa maji. Kisha akasema, "Babu, nimeamua jambo."

Hamjui furaha niliyoipata. Nilikwenda nikachungulia nje, nikamwambia Bwana Radhi, rudi na chokaa yako. Nikapika uji, akanywa, akapata nguvu. Nikamwambia, sema sasa, umeamua nini? Tutarudi kwetu tukalime? Utabaki hapa? Utaoa? Chochote, mwanangu, nitakibariki.

Akainuka, akashika ukuta, akatoka. Nikamfuata. Akaenda upande upande mpaka langoni. Akamwambia Bwana Radhi, "Nataka kurudi Vutani."

Bwana Radhi akaweka mkono kifuani. "Vutani hawamfungi tena aliyekatwa."

"Najua. Nataka kushika."

Kumbe ipo. Kumbe njia hiyo ipo tangu zamani, na wanaipita wengi. Aliyeshindwa kujishika Hiarini anaruhusiwa kurudi ng'ambo akashike wengine. Ndiko wanakotoka wavutaji wote. Mzee Kigingi mwenyewe, Bwana Radhi akaniambia, alitolewa katika chumba kama kile, mbavu nje. Na aliye bora katika kuvutwa hupewa kamba nyingi zaidi.

Nikamshika mjukuu wangu kwa mabega yote mawili. "Mlekwa, twende kwetu. Umeshaijua njaa. Umeshaijua! Iliyobaki ni ndogo, nitakaa na wewe."

"Nimeijua, Babu, na siitaki." Alisema bila hasira. "Sitaki kuisubiri kila siku, niiulize ni njaa au ni huzuni au ni usingizi. Nikiwavuta wale, na mimi nakula nao. Nikiwalaza, na mimi nalala. Kamba ina ncha mbili, Babu. Hata wewe ulipovuta, ulitulia."

Nilitulia kweli. Na isitoshe, alikuwa ameamua mwenyewe. Si ndilo nililoliomba?

Tukavuka bonde. Nyemo alitukimbilia, akamkumbatia mwanawe, akamzungusha, akamgusa kila mfupa. Baada ya siku chache Mlekwa akapewa kigoda na watoto wa kwanza, wale wadogo kabisa, kamba zao bado zinanukia katani mbichi. Alinona upesi. Uso ukajaa, akawa mzuri, akawa anacheka kama zamani.

Siku ya kuondoka kwangu walikuwa wanakula. Nikasimama mlangoni nitazame mara ya mwisho. Mlekwa juu ya kigoda, ngumi mbili zimejaa kamba, sahani yake mwenyewe kwenye ubao mbele yake. Akainua ngumi. Kabla hajavuta, mtoto mmoja wa kike, mdogo sana, akanyoosha mkono akachukua mlenda kwa kidole. Basi tu, alisikia njaa. Mlekwa akakaza kamba ile kwa nguvu, mtoto akaruka nyuma akaanguka, kidole bado kina mlenda. Hakulia. Akakitazama kidole.

Mlekwa akaniona, akatabasamu, akaniita kwa sauti ya upendo kabisa: "Babu, huyu mkaidi! Lakini usijali, nitamlainisha."

Akavuta mara mbili. Watoto wote wakainama, naye akainama pamoja nao, akala.

Nyemo alikuwa kando yangu. Akanishika mkono, anatabasamu, machozi yanamtoka. "Si unaona, Baba? Amepona."

Nami ningesema nini, wanangu? Alikuwa mzima. Alikuwa anakula.